Nani aruhusiwe kufanya nini: majukumu na ruhusa za watumiaji kwenye tovuti yenye waandishi wengi

Tovuti nyingi zenye waandishi kadhaa huishia katika hali moja: kila mwenye akaunti ni msimamizi. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Siku moja mwandishi alikwama, picha ikagoma kupakiwa au makala ikagoma kutoka, na kwa kuwa habari ilikuwa inasubiriwa, akapewa usimamizi "kwa muda". Muda huo haukuisha. Wa pili akapewa, wa tatu akapewa, na leo nenosiri la yeyote kati yao likivuja, aliyeliiba anaweza kuwafuta wenzake wote, kusakinisha programu yake kwenye seva na kubadili mipangilio ya tovuti nzima, ilhali mwenye akaunti hiyo kazi yake ilikuwa kuandika makala mbili kwa wiki.

Kurekebisha hali hiyo hakuhitaji utaalamu wa kupanga programu. Kunahitaji kuelewa ruhusa yenyewe ni kitu gani, kwa sababu anayeijua sura yake hulazimika mara chache sana kumpa mtu usimamizi ili tu akwamuke.

Kwanza kuna mambo mawili yasiyopaswa kuchanganywa. Kuingia kwa jina na nenosiri ni kuthibitisha wewe ni nani. Ruhusa huja baadaye: mfumo umekwisha kukutambua, sasa unaamua uweze kufanya nini. Hata majibu ya seva yametenganishwa. Namba 401 maana yake hujajitambulisha. Namba 403 maana yake umetambuliwa, ila hili hukuruhusiwa. Ukiletewa lalamiko kwamba "mfumo unanikatalia", uliza kwanza namba iliyotokea, maana dawa zake ni tofauti. Ya kwanza hutibiwa kwenye akaunti, nenosiri au muda wa kuingia ulioisha. Ya pili kwenye ruhusa. Kuna pia mifumo inayojibu 404 kwa makusudi, kana kwamba kitu hakipo, ili mgeni asijue hata kwamba mahali hapo pana jambo la siri. GitHub, tovuti ya kuhifadhia misimbo ya programu, hufanya hivyo kwa hazina za faragha. Kwa hiyo mtumiaji mmoja akiambiwa ukurasa haupatikani huku wenzake wanauona, shuku ruhusa kabla ya kushuku kiungo.

Swali lenye sehemu tatu

Kila ruhusa ni jibu la swali hili: nani, afanye tendo gani, kwa kitu gani? Sehemu ya tatu ndiyo husahaulika, na ndiyo mama wa karibu kila mkanganyiko. Ukisema "Mwandishi anaweza kuhariri makala" bado hujasema lolote. Makala yake au ya mwenzake? Rasimu au ambayo tayari iko hewani? Ya kitengo chake au ya tovuti nzima? Tendo ni lilelile, kuhariri, lakini hatari yake hubadilika kabisa kulingana na kitu kinachohaririwa ni cha nani, kiko hatua gani na kiko sehemu gani.

WordPress, mfumo unaoendesha tovuti nyingi, ni mfano mzuri kwa sababu majukumu yake matano ya kawaida yamejengwa juu ya maswali hayo. Mfuatiliaji anasoma na kurekebisha wasifu wake, basi. Mchangiaji anaandika rasimu zake na kuzifuta, ila hachapishi. Kitufe chake kinapeleka makala kwenye ukaguzi. Mwandishi anachapisha, anapakia picha, anahariri na kufuta makala zake hata zikiwa hewani. Mhariri anagusa makala za watu wote pamoja na kurasa, kategoria na maoni ya wasomaji. Msimamizi anashika yaliyobaki: watumiaji, mipangilio, programu-jalizi (programu ndogo za kuiongezea tovuti uwezo) na mandhari (mwonekano wake). Tovuti kadhaa zikiunganishwa chini ya usakinishaji mmoja, huongezeka ngazi ya sita inayosimamia mtandao mzima, na hapo msimamizi wa tovuti moja hupungukiwa na baadhi ya nguvu alizokuwa nazo.

Anayewashangaza watu ni Mchangiaji. Anaandika makala, mhariri anaichapisha, kisha Mchangiaji anaona kosa la herufi moja na hawezi kuligusa. Wengi hudhani mfumo umeharibika. Ukweli ni kwamba kuhariri kumegawanywa katika ruhusa tatu: edit_posts ni ya rasimu zako mwenyewe, edit_published_posts ni ya makala zako zilizokwisha kutoka, na edit_others_posts ni ya makala za wengine. Mchangiaji amepewa ya kwanza peke yake. Angepewa na ya pili, ukaguzi wote ungekuwa kazi bure: angepeleka makala safi, akasubiri ipitishwe, kisha akaandika alichotaka tangu mwanzo na hakuna ambaye angeombwa kuitazama tena.

Jambo la pili linalomkwamisha Mchangiaji ni picha. Kupakia faili ni ruhusa inayojitegemea, upload_files, naye hana. Sababu yake ina mantiki: rasimu ikikataliwa haimfikii msomaji, lakini faili likishapakiwa linakaa kwenye seva na lina anwani yake, makala ipite isipite. Hapa ndipo tovuti nyingi hukosea. Mchangiaji akilalamika kuhusu picha, wanampandisha awe Mwandishi. Alihitaji ruhusa moja. Amepewa pamoja nayo ruhusa ya kuchapisha bila kukaguliwa na ya kufuta kilicho hewani. Njia iliyo sawa ni kuunda jukumu jipya lenye ruhusa zote za Mchangiaji, kisha kuliongezea upload_files peke yake. Ziko programu-jalizi za kuhariri majukumu ambazo hukuwezesha kufanya hivyo kwa kuweka tiki.

Na hiyo ruhusa ya kufuta itazamwe kwa makini zaidi ya inavyotazamwa. Kwa mpangilio wa kawaida wa WordPress, Mwandishi anaweza kuziondoa makala zake zote zilizochapishwa, za miaka yote, katika dakika chache. Kama makala ni mali ya taasisi, hakuna sababu ya kumwachia uwezo huo. Ondoa delete_published_posts kwenye jukumu la Mwandishi. Anayetaka makala yake iondolewe amwombe mhariri.

Ndani ya mfumo, swali haliulizwi kwa jina la jukumu. Ukibonyeza "hariri" kwenye makala namba 512, mfumo unatazama mwenye makala hiyo ni nani na makala iko hatua gani, ndipo unaamua ruhusa ipi inahitajika, kisha unatazama kama unayo. Anayeandika programu-jalizi au mandhari afuate utaratibu huohuo. Msimbo ukisema "kama huyu ni Mhariri, mruhusu", siku utakapounda jukumu la Mhariri wa Picha litakataliwa kila mahali hata ukilijaza ruhusa zote zinazostahili. Uliza ruhusa, na uitaje makala husika.

Kwa nini jukumu likae katikati

Zamani WordPress ilitumia ngazi za watumiaji kuanzia 0 hadi 10. Majukumu na ruhusa zilikuja na toleo la 2.0 mwishoni mwa mwaka 2005. Tatizo la ngazi ni kwamba ya juu humeza zote zilizo chini yake. Huwezi kumpata mtu anayesafisha maoni ya wasomaji bila kumpa pia uwezo wa ngazi zilizo chini yake, wakati kwenye kazi halisi watu wa kazi hiyo peke yake wapo.

Wazo la kuweka jukumu katikati ya mtu na ruhusa lilipangwa rasmi mwaka 1992 na David Ferraiolo na Richard Kuhn wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, na mwaka 2004 likawa kiwango cha kitaifa nchini humo. Ruhusa hupewa jukumu. Mtu hupewa jukumu. Faida yake inaonekana kwa hesabu ndogo. Watumiaji 40 na ruhusa 25 ni maamuzi 1,000 ukimpangia kila mtu peke yake. Ukiwa na majukumu 5, unaamua mara 125 kujaza majukumu na mara 40 kuwagawia watu: jumla 165. Na ruhusa mpya ikiongezeka kesho, unaamua mara 5 badala ya 40.

Faida hiyo hupotea kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuunda jukumu kwa ajili ya mtu mmoja mmoja hadi majukumu yakaribie idadi ya watumiaji. Hapo umerudi kwenye maamuzi 1,000. Ya pili ni kufuata vyeo. Mkurugenzi haandiki, hahariri wala hasakinishi programu, lakini kwa heshima anapewa usimamizi. Akaunti yake ndiyo itakayolengwa zaidi na walaghai kwa sababu jina lake linajulikana, na ndiyo itakayochelewa kugundulika ikiibwa kwa sababu haingii mara kwa mara. Jukumu lipewe jina la kazi inayofanyika ndani ya mfumo. Heshima ya mkurugenzi haipungui kwa kuwa na akaunti ya kusoma.

Majukumu mawili yakigongana

Mtu akiwa na majukumu mawili, moja linaruhusu kufuta na jingine haliruhusu, jibu ni lipi? Inategemea mfumo, na hili lisipojulikana utazunguka siku nzima ukibadilisha tiki bila kuona tofauti.

Katika Drupal, mfumo mwingine wa kuendesha tovuti, ruhusa hujumlishwa. Hakuna kukataza, kuna kutoa na kutotoa. Jukumu moja likitoa ruhusa, mtumiaji anayo, hata majukumu yake mengine matano yakinyamaza. Ukitaka kumnyang'anya mtu uwezo wa kufuta, kagua majukumu yake yote, likiwemo lile la kila aliyeingia, ambalo kila mwenye akaunti hulipata moja kwa moja. Ruhusa ikitiwa hapo kwa bahati mbaya, imepewa hata mtu aliyejisajili mwenyewe dakika moja iliyopita. Isitoshe, akaunti namba 1, ile iliyoundwa wakati wa usakinishaji, kwa kawaida hupita kila ukaguzi wa ruhusa. Ukijaribu mpangilio wako ukiwa umeingia nayo, kila kitu kitaonekana sawa.

Joomla, nao ni mfumo wa aina hiyo, tangu toleo la 1.6 la mwaka 2011 inafuata njia nyingine. Makundi yake yamepangwa kama mti, na kila tendo katika kila kundi linaweza kurithi kutoka kundi mama, kuruhusiwa, au kukatazwa. Katazo lina nguvu kuliko ruhusa: likiwekwa kwenye kundi mama, kundi la chini yake haliwezi kulitengua, na mtumiaji aliye katika makundi mawili hushindwa na lile linalokataza. Kwa hiyo katazo litumike kwa nadra. Mara nyingi kuacha tendo bila kuruhusiwa kunatosha, na kunaacha nafasi ya kuliruhusu huko chini kwa wanaolihitaji. Pia Joomla imetenganisha ruhusa ya kutenda na ngazi ya kuona. Mtu anaweza kuwa na ruhusa ya kuhariri makala ambayo hata haionekani kwake, na atakuja kwako akisema makala imepotea.

Kwenye malango, yaani tovuti kubwa zenye sehemu nyingi ndani yake, mgongano hutokea kwenye mipaka ya jukumu. Liferay, mfumo wa kujengea malango hayo, kwa mfano, ina majukumu yanayofanya kazi lango zima, yanayofanya kazi ndani ya tovuti moja tu, na yanayofuata shirika ndani ya lango. Majina yanaweza kufanana. Ukimpa mtu jukumu la lango zima ulipokusudia la tovuti moja, mhariri wa kitengo kimoja amekuwa mhariri wa vitengo vyote, na hakuna onyo litakalotokea, kwa sababu kwenye kitengo chake kila kitu kinafanya kazi kama ulivyotaka. Kosa la kutoa kidogo hulalamikiwa siku hiyohiyo. Kosa la kutoa kupita kiasi linaweza kukaa miaka bila mtu kulitaja.

Kupanga ruhusa kuanzia mwanzo

Anza na vitenzi, usianze na watu. Chukua karatasi au jedwali la kompyuta na uandike matendo yote yanayofanyika kweli: kuandika rasimu, kupakia picha, kupeleka kwa ukaguzi, kurudisha kwa mwandishi, kuchapisha, kupanga tarehe ya kutoka, kusahihisha kilicho hewani, kukiondoa hewani, kukifuta kabisa, kuunda kategoria, kupitisha maoni, kuona takwimu, kuongeza mtumiaji, kubadili jukumu la mtumiaji. Kuondoa hewani na kufuta kabisa iwe mistari miwili. La kwanza linarudishika, la pili huenda lisirudishike. Kila tendo linalogusa makala ligawe: yangu na ya wengine, rasimu na iliyochapishwa. Orodha itarefuka hadi matendo 20 au 30, na hilo ni sawa.

Kwenye nguzo za jedwali weka kazi zilizopo, sio majina ya watu. Kisha jaza kwa kanuni moja: kisanduku kitupu ni hapana, na kila ndiyo iwe na sababu inayoweza kuandikwa kwa sentensi moja. Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliiweka wazi kanuni hii mwaka 1975 walipoandika kuhusu ulinzi wa taarifa kwenye kompyuta: uamuzi wa msingi uwe kukataa, na kila mtumiaji awe na uwezo mdogo kabisa unaomtosha kumaliza kazi yake. Ukikuta kisanduku kimejazwa kwa sababu "huenda akahitaji", kifute. Akihitaji atasema.

Jedwali likikamilika, lilinganishe na majukumu yaliyomo tayari kwenye mfumo wako. Mara nyingi matatu au manne yatalingana bila kuguswa, na utahitaji kuunda moja au mawili. Usilihariri jukumu la Msimamizi kamwe. Ukijiondolea kwa bahati mbaya ruhusa ya kusimamia watumiaji, kulirudisha kunahitaji kuingia kwenye hifadhidata. Kabla ya kubadili chochote, tengeneza nakala ya hifadhidata. Katika WordPress majukumu yote yamehifadhiwa ndani ya jedwali la mipangilio, na mabadiliko hubaki humo hata ukiondoa programu-jalizi iliyoyafanya. Kuizima haitarudisha hali ya zamani, na wengi hupoteza saa nyingi kwa kudhani itarudi.

Kisha jaribu. Unda akaunti moja ya majaribio kwa kila jukumu, ingia nayo kwenye dirisha la faragha la kivinjari, na upite jedwali mstari kwa mstari. Jaribu yanayokatazwa kwa bidii kuliko yanayoruhusiwa, kwa sababu yanayoruhusiwa watumiaji wenyewe watakujulisha yakishindikana. Jaribio moja lina thamani kubwa: ukiwa msimamizi fungua ukurasa wa kuhariri makala ya mtu mwingine, nakili anwani yake yote, kisha ibandike kwenye dirisha ambalo umeingia kama Mchangiaji. Jibu sahihi ni kukataliwa. Ukurasa ukifunguka, ruhusa zako ni pambo.

Ruhusa zinapovuja

Jaribio hilo linafichua kosa lililo kuu kuliko yote: kuficha kitufe na kudhani umezuia tendo. Kitufe kiko kwenye kivinjari cha mtumiaji. Tendo linafanyika kwenye seva. Anayejua anwani hahitaji kitufe. Vivyo hivyo kwa namba zilizo kwenye anwani: ikiwa makala yangu ni namba 512 na nikibadilisha kuwa 513 ninaona rasimu ya mwenzangu, seva imeuliza kama nimeingia lakini haikuuliza kama makala hiyo ni yangu. Sehemu ya tatu ya swali imerukwa. Shirika la OWASP, linaloorodhesha hatari kubwa za usalama wa programu za wavuti, lilipandisha ukaguzi mbovu wa ruhusa kutoka nafasi ya tano hadi ya kwanza katika orodha yake ya mwaka 2021.

Kosa lililoipata WordPress yenyewe mwaka 2017 linaonyesha jinsi ukaguzi unavyoweza kuwepo na bado usizuie kitu. Toleo la 4.7, la Desemba 2016, liliruhusu programu nyingine kusoma na kuhariri makala kwa kutuma maombi moja kwa moja kwenye seva. Ombi la kuhariri lilibeba namba ya makala. Mshambuliaji alituma namba iliyochanganywa na herufi, tuseme 456ABC. Sehemu iliyokagua ruhusa ilitafuta makala yenye namba hiyo, haikuipata, na kwa kuwa hakukuwa na makala ya kukagulia, haikukataa. Ikaliacha ombi lipite. Sehemu iliyofuata, ile ya kuhariri, iligeuza 456ABC kuwa namba tupu, ikapata 456, na ikabadilisha makala hiyo halisi. Mtu asiye na akaunti yoyote aliweza kuandika upya makala za tovuti. Toleo la 4.7.2 liliziba tundu hilo mwishoni mwa Januari 2017, na kurasa nyingi sana ambazo hazikusasishwa zilichafuliwa katika wiki zilizofuata. Ukaguzi ulikuwepo. Kilichokosekana ni uamuzi wa kukataa pale mfumo unapokosa uhakika, yaani ileile kanuni ya 1975. Majukumu yaliyopangwa vizuri kiasi gani hayasaidii kwenye toleo lenye tundu, ndiyo maana kusasisha ni sehemu ya kazi hii.

Kuna mivujo mingine isiyo ya msimbo. Makala imewekwa ya faragha, lakini picha na PDF zilizomo zina anwani zake zenyewe, na kwenye usakinishaji wa kawaida seva humpa yeyote anayezijua bila kuuliza ruhusa. Waraka wa siri usipakiwe kwenye hifadhi ya kawaida ya picha. Uwekwe mahali ambapo mfumo wenyewe ndio unaoutoa baada ya ukaguzi. Nakala za muda, zile zinazohifadhiwa ili kurasa zifunguke haraka, nazo zina hatari yake: ukurasa uliotengenezwa kwa ajili ya msimamizi ukihifadhiwa na kugawiwa kwa wageni, watauona alivyouona yeye. Programu ya kuhifadhi nakala hizo iambiwe isihifadhi kurasa za walioingia. Tafuta pia kichwa cha makala iliyofungwa kwenye kisanduku cha utafutaji cha tovuti, na kwenye mlisho wa makala mpya, ukiwa hujaingia. Mara nyingi mwili umefichwa lakini kichwa na mistari ya mwanzo inaonekana.

Ruhusa ndogo zinazozaa usimamizi

Ruhusa hazina uzito sawa. Chache zinaonekana za kawaida, kumbe aliyenazo anaweza kujipatia zote.

Iliyo wazi ni ya kubadili majukumu ya watumiaji: mwenye nayo anaweza kujipandisha mwenyewe, isipokuwa mfumo umzuie kutoa ruhusa asizonazo. Ya kusakinisha programu-jalizi au kuhariri mafaili ya mandhari ni sawa na kupewa seva, maana msimbo utakaoingizwa hufanya chochote. Katika WordPress uhariri wa mafaili kupitia dashibodi unaweza kufungwa kwa watu wote, wasimamizi wakiwemo, kwa kuweka DISALLOW_FILE_EDIT kuwa kweli kwenye faili la wp-config.php, na sioni sababu ya kuuacha wazi kwenye tovuti iliyokwisha kufunguliwa kwa wasomaji.

Isiyojulikana sana ni unfiltered_html. Mfumo kwa kawaida huchuja maandishi na kuondoa msimbo wa JavaScript, ule unaotenda kazi ndani ya kivinjari cha msomaji. Mwenye ruhusa hii hachujwi. Kwenye tovuti moja ya WordPress, Mhariri anayo. Maana yake Mhariri mwenye nia mbaya, au aliyeibiwa nenosiri, anaweza kupachika msimbo ndani ya makala, na msimamizi akiifungua akiwa ameingia, msimbo huo unatenda kwa nguvu za msimamizi. Kwenye mtandao wa tovuti nyingi ruhusa hii amebakiziwa msimamizi wa mtandao peke yake. Kama wahariri wako hawapachiki msimbo, waondolee.

Kagua pia jukumu la kuanzia la wanaojisajili. Liko kwenye mipangilio ya jumla, na linapaswa kuwa la chini kabisa. Programu-jalizi zenye tundu zimewahi kutumiwa kufungua usajili kwa kila mtu na kugeuza jukumu hilo kuwa Msimamizi. Baada ya hapo mshambuliaji hujisajili kama mtu yeyote, tena kihalali.

Watu wanaoondoka na funguo zinazobaki

Mwandishi akiacha kazi, usikimbilie kufuta akaunti. WordPress itakuuliza uzifute makala zake au umkabidhi mtu mwingine, na anayebonyeza haraka anaweza kupoteza kazi ya miaka. Mteremshe awe Mfuatiliaji, badili nenosiri, funga vikao vyake vyote vilivyo wazi, na jina lake libaki juu ya makala alizoandika. Kama ni lazima kufuta, kabidhi makala kwanza.

Kisha tazama funguo. Tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020, mtumiaji wa WordPress anaweza kutengeneza manenosiri ya programu, yanayowezesha simu au programu nyingine kuandika kwenye tovuti kwa niaba yake. Nenosiri la programu lina ruhusa zote za mwenye akaunti, na kubadili nenosiri lake la kawaida hakulifuti. Libatilishwe lenyewe, kwenye ukurasa wa wasifu. Programu inayochapisha makala yenyewe kila siku iundiwe akaunti yake yenye jukumu la Mwandishi. Isipewe ufunguo wa msimamizi kwa kuwa ndio uliokuwa karibu.

Kila baada ya miezi mitatu fungua orodha ya watumiaji, ichuje kwa jukumu, na anza na wasimamizi. Wawe wawili kwa tovuti ya kawaida: mmoja anaweza kuugua au kupoteza simu yenye uthibitishaji wa hatua mbili. Kila mmoja awe na akaunti ya pili ya Mhariri anayoitumia kuandika, ile ya usimamizi aifungue akiwa na kazi ya usimamizi. Anayeomba ruhusa ya dharura apewe ile inayokosekana tu, na tarehe ya kuiondoa iandikwe hapohapo kwenye kalenda ya aliyeitoa.